Jina Lililotoka Guniani: Barua ya Wazi kwa Maimamu, Mapadri na Wachungaji wa Pwani ya Ziwa

Kwa waheshimiwa maimamu, mapadri, wachungaji na walimu wa kisomo wa pwani ya Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac.

Mimi ni mmoja wa watoto waliovushwa ziwa mwaka 1972, wakati wa mauaji ya nchini kwetu, wakiwa wamefungwa migongoni mwa mama zao, wakakulia Kigoma, wakasomea huko Kurani na hesabu, kisha wakarejea Nyanza-Lac na mvi za kwanza kichwani kuja kuulizia mashamba ya michikichi ambayo wazee wao waliyaacha mbio. Riziki yangu ni madumu ya mawese, si kalamu. Hata hivyo liko jambo nililolibeba kwa miaka 6, na kwa kuwa wengi wenu mnalijua kwa upande mmoja tu, upande wa mlango anaoingilia mgonjwa, nimeona ni wajibu wangu kuwaeleza upande wa mlango anaotokea.

Nazungumzia vijana, wa kiume na wa kike, wanaoletwa kwenu na jamaa zao kwa sababu mioyo yao imewaelekea watu wa jinsia yao, ili waombewe, wasomewe, wafungishwe, wapakwe mafuta, au wafungiwe chumbani hadi kile kinachodhaniwa kuwa pepo kiwatoke. Sikuja kuomba fatwa, wala sikusudii kubishana nanyi juu ya halali na haramu, maana katika bahari hiyo ninyi ndio manahodha nami ni abiria. Swali langu ni dogo kuliko hilo: je, dawa hii inaponya? Na ikiwa haiponyi, ni nani mdhamini wa madhara yake?

Nitaanza na ikirari yangu mwenyewe, kwani si insafu kuwasimamisha wengine kizimbani nami nikakaa pamoja na watazamaji. Umbu langu ana mwana ambaye wakati huo alikuwa na miaka 19, mpole, hodari wa hesabu, aliyekuwa akinisaidia kuandika daftari la madeni ya wateja wangu. Kwetu, kama mjuavyo, mjomba ndiye mwenye kauli katika mambo mazito ya wapwa zake. Basi usiku ule umbu langu aliponijia akilia, na simu ya mwanawe mkononi kana kwamba amekamata nyoka, hakumwendea mumewe, alinijia mimi. Nami sikumwuliza kijana neno. Nilihesabu bei ya madumu manne ya mawese, nikampakia mpwa wangu kwenye pikipiki, nikampeleka kwa mtaalamu mmoja ambaye nyumba yake imo ndani ya michikichi, na ambaye sitamtaja jina wala dini, kwa kuwa kesi niliyo nayo na nafsi yangu ni kubwa kuliko niliyo nayo naye.

Chumba chenyewe nilikiona. Kilikuwa na sakafu ya udongo, mkeka mmoja, dirisha lililozibwa kwa gunia tupu la mchele lililopigiliwa misumari minne, na chetezo cha makaa ambamo, pamoja na ubani, hutiwa pilipili kavu ili moshi umkere huyo anayedaiwa kukaa ndani ya mtu. Chakula kilikuwa uji mwepesi wakati wa magharibi, basi. Kila usiku kijana aliulizwa: nani wewe, umetoka wapi, uliingia lini? Usiku wa kwanza alijibu kwa jina alilopewa na baba yake, akachapwa. Usiku wa pili akajibu vile vile, akachapwa zaidi. Usiku wa tano pepo akajitaja, na jina alilolitaja lilikuwa geni, la mbali, lisilo la Kirundi wala la Kiswahili, nasi jamaa tuliokuwa tumekaa nje ya mlango tukafurahi furaha kubwa. Wanawake wakapiga vigelegele, nami nikatoa sadaka nyingine papo hapo. Siku ya tisa alitolewa, akasimamishwa mbele ya watu, akashukuru kwa kuponywa.

Ilipita miezi minane kabla hajaniambia alikolipata jina lile. Lilikuwa jina la mchele. Mchana, jua la ziwani lilipolipiga dirisha, herufi nyekundu za gunia zilionekana kwa ndani, kinyumenyume, naye kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kusoma akazisoma kinyumenyume zilivyo. Na usiku wa tano, alipoona kwamba jina lake mwenyewe halikubaliki, akawapa hilo.

Waheshimiwa, ninyi mliosoma fiqhi, na ninyi mliosoma sheria za kanisa, mnajua kuliko mimi kwamba ikirari itolewayo chini ya ikrahi haina uzito mbele ya kadhi wala mbele ya hakimu, na kwamba mtu akikiri wizi huku ameinuliwa fimbo hahukumiwi kwa kukiri kule. Kwa nini basi tunaikataa ikirari ya namna hiyo mahakamani, tukaipokea kwa vigelegele msikitini na kanisani? Wale wote wanaosimama mbele yenu kushuhudia kwamba wamepona, nawasihi muulize kwanza kama wamekula.

Iko ikirari ya namna nyingine, ambayo haikutolewa kwa fimbo wala kwa njaa, nayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Mwaka 1976, huko California, Marekani, Wakristo kadhaa waliasisi jumuiya iliyoitwa Exodus International, iliyokuja kuwa mashuhuri kuliko zote zilizodai kwamba kwa sala, toba na nasaha mtu huacha kuwapenda wa jinsia yake. Mmoja wa waasisi wake, Michael Bussee, aliiacha mwaka 1979 pamoja na Gary Cooper, mwanaume mwenzake aliyekuwa akihudumu humo humo, baada ya wawili hao kutambua kwamba wao wenyewe, waliokuwa wakiwaahidi watu uponyaji, walikuwa wanapendana. Na mwaka 2007, pamoja na wengine wawili waliowahi kuongoza huduma za aina hiyo, Bussee alisimama hadharani akawaomba radhi wale aliokuwa amewaingiza katika njia ile. Mwanzilishi anapoikana dawa aliyoitengeneza mwenyewe, bila ya kushurutishwa na mtu, na ilhali kukana kwake kunamvunjia heshima, mimi mwuza mawese naona hapo pana burhani ambayo mtu wa akili hawezi kuiruka.

Mwaka huo huo wa 2007 Peterson Toscano na Christine Bakke walianzisha mtandao wa manusura wa tiba hizo, wakauita Beyond Ex-Gay, na kongamano la manusura likafanyika Irvine, California. Ningependa tukae kidogo na watu hawa, kwa sababu hawakuwa matabibu, hawakuwa na hospitali wala dawa, na walichokuwa nacho ni kwamba wao wenyewe walipita mle. Toscano alijitia katika matengenezo hayo kwa miaka 17, na kwa hesabu yake yalimgharimu zaidi ya dola 30,000. Na alipotoka, kwa kuwa ni mwigizaji, aliigeuza nyumba ya tiba aliyokaa kuwa mchezo wa jukwaani wa kuchekesha, akiwacheza watu wote peke yake, wagonjwa na waponyaji. Wako watakaosema kwamba jambo la huzuni namna hiyo si la kufanyiwa mzaha. Mimi nimemwona mpwa wangu akisimulia habari za gunia la mchele huku akicheka hadi akashika mbavu, na baada ya kicheko kile ndipo, kwa mara ya kwanza, alipolala usingizi wa usiku mzima. Basi sitamlaumu mwigizaji. Walichowapa wenzao watu hao wawili ni kitu ambacho hakiuzwi: mahali pa kusimulia yaliyompata mtu, bila ya kuulizwa jina la pepo wake.

Ikirari hazikuishia hapo. Robert Spitzer, tabibu wa akili wa New York, ambaye mwaka 1973 alikuwa mstari wa mbele katika kuyaondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya maradhi ya akili huko Marekani, aligeuka mwaka 2003 akachapisha utafiti wa watu 200 aliowahoji kwa simu, akisema kwamba baadhi yao walibadilika kweli, na wauza tiba wakaufanya utafiti huo bendera yao. Lakini mwaka 2012, akiwa mzee wa karibu miaka 80 na mgonjwa, alikiri kwamba hakuwa na njia ya kujua kama waliyomwambia ni ya kweli, akawaomba radhi waliopoteza umri na nguvu zao kwa kumtegemea. Na Juni 2013 Alan Chambers, rais wa Exodus, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amekwisha kusema kwamba katika kila watu elfu aliokutana nao ni kama mmoja tu aliyebadilika, aliomba radhi, na jumuiya ikafungwa baada ya miaka 37. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeyaondoa mapenzi hayo katika orodha yake ya maradhi tangu tarehe 17 Mei 1990. Kwa hiyo leo tunatibu kitu ambacho matabibu wanasema si maradhi, kwa dawa ambayo waganga wake wanasema haiponyi.

Mtanijibu kwamba hayo ni ya Wazungu. Ni kweli, na dawa pia ni yao, walau katika sura hii mpya ya semina na vitabu. Tarehe 5 hadi 7 Machi 2009 Wamarekani watatu walifundisha katika hoteli moja ya Kampala namna ya kuwageuza watu hao na hatari waliyodai kwamba wanaileta, na mmoja wao, Don Schmierer, alikuwa mjumbe wa bodi ya Exodus hiyo hiyo ambayo miaka minne baadaye ingefungwa kwa aibu. Ndani ya siku hizo hizo, tarehe 6 Machi, maelfu ya watu waliandamana Bujumbura kuishinikiza Seneti, ambayo mwezi uliotangulia ilikuwa imekataa kuyafanya mapenzi hayo kuwa jinai. Sisemi kwamba mkono mmoja ulipanga yote mawili. Nasema tu kwamba katika wiki moja Afrika Mashariki ilisikia kwamba watu hawa ni wagonjwa wa kutibiwa na ni wahalifu wa kufungwa. Muswada wa Uganda dhidi ya mapenzi hayo ulipozuka baada ya semina ile, Schmierer alilalamika kwamba alihadaiwa, naye alikuwa amekwisha kurudi kwao. Na sheria ya namna hiyo iliyotiwa saini Uganda mwezi wa Mei 2023, pamoja na vifungo vyake vya kutisha, inairuhusu mahakama kuamuru mtu aliyehukumiwa apewe huduma za kumrekebisha, yaani ile dawa iliyokwisha kukanwa na wenyewe sasa ina mhuri wa serikali.

Lakini Uganda hiyo hiyo imetupa Askofu Christopher Senyonjo, na huyo ndiye ninayependa mmzingatie kuliko wote, kwa kuwa ni mwenzenu. Aliongoza dayosisi ya Anglikana ya West Buganda tangu 1974 hadi alipostaafu mwaka 1998, akaanza kazi ya kutoa nasaha, na wakaja kwake vijana waliokuwa wamefukuzwa majumbani na makanisani kwa sababu ya mapenzi hayo. Aliwasikiliza. Hakuwaahidi kuwageuza, aliwaambia kwamba Mungu anawapenda jinsi walivyo. Na kwa kosa hilo, kwani lilihesabiwa kosa, kanisa lake likamnyang'anya idhini ya kuhudumu. Hakuacha. Mwezi wa Januari 2011, David Kato, mtetezi wa watu hao, alipouawa, na mhubiri mmoja akayageuza mazishi yake kuwa jukwaa la laana hata wanakijiji wakakataa kumzika, ni marafiki wa marehemu waliombeba hadi kaburini, na Senyonjo ndiye aliyekuwepo kumwombea. Alikuwa na umri wa miaka 79. Ningeweza kuongeza mengi juu yake, lakini kwenu ninyi mnaozika watu kila wiki nadhani hilo moja latosha.

Hapa kwetu hakuna mtandao wa manusura wenye jina. Hauwezi kuwepo. Tangu tarehe 22 Aprili 2009 sheria ya nchi inampa mwenye kufanya mapenzi ya jinsia moja kifungo cha miezi mitatu hadi miaka miwili na faini ya faranga 50,000 hadi 100,000, au mojawapo ya adhabu hizo. Februari 2023 watu 24 walikamatwa Gitega katika mkutano wa shirika linaloshughulika na UKIMWI, na mwezi wa Agosti 7 kati yao wakatiwa hatiani. Na Disemba ya mwaka huo tulisikia kutoka katika kinywa kikubwa kuliko vyote nchini kwamba watu hao wakusanywe uwanjani wapigwe mawe. Mwenye kutaka kuelewa kwa nini manusura wetu hawana ofisi wala kibao mlangoni hahitaji maelezo zaidi.

Hata hivyo wako wanaowapokea, wawili watatu, na mmoja wao ni mama mshonaji, ambaye nitamweleza kiasi tu cha kumfanya asijulikane. Kijana akitoka katika vyumba hivyo hufikishwa kwake usiku. Humpa maji ya vuguvugu na chumvi kidogo kabla ya chakula, kwa sababu amejifunza kwamba tumbo lililoshindishwa njaa siku nyingi hulitapika bugali la kwanza. Humpaka mawese vifundo vya mikono palipochubuliwa na kamba. Kisha humwacha alale nyuma ya cherehani, chini ya vitambaa vya wateja. Haandiki jina la mtu popote, maana orodha ya majina katika nchi yetu ni hati ya mashtaka iliyo tayari. Siku ya tatu ndipo humwuliza swali lake pekee, nalo si nani wewe, wala umetoka wapi. Humwuliza: unataka kufanya nini kesho? Ndiye aliyempokea mpwa wangu baada ya mimi kumshindwa. Leo kijana yuko mji mwingine, ana kazi, anampigia mama yake simu kila Ijumaa. Mimi hanipigii, na sina haki ya kumlaumu.

Nimejiuliza mara nyingi tunafanya nini hasa tunapowafanyia hivi watoto wetu. Wiki moja kijana huitwa mgonjwa na tabibu, mwenye pepo na mwalimu, na mhalifu na polisi, na hakuna anayeona ajabu kwamba mtu mmoja ana mashtaka matatu yanayopingana. Maana mgonjwa hahukumiwi, aliyepagawa hana hiari, na mhalifu hatibiwi kwa pilipili. Kila mmoja humkabidhi kwa mwenzake, na kila makabidhiano yana ada yake. Naona uchungu kulisema hili la ada, lakini madumu manne yale yalikuwa yangu na nayajua hesabu yake.

Kwa hiyo ombi langu kwenu, waheshimiwa, ni kwamba mzazi au mjomba akiwajia na kijana wa namna hiyo, hata kama mnaamini kwa yakini kwamba lililomo moyoni mwake ni dhambi, mkatae kumfungia mlango, mkatae kumnyima chakula, mkatae kumfunga kamba na kumfukizia moshi, mkatae na fedha. Na kama lazima mumwombee, mumwombee akiwa ameshiba, amekaa karibu na mlango ulio wazi, na ana ruhusa ya kuinuka akaenda zake. Hili halihitaji mbadili neno hata moja la mahubiri yenu. Na kama mnawajua wale wawili watatu wanaowapokea, kwani mji wetu ni mdogo na nadhani mnawajua, msiwataje mimbarani wala kwa mkuu wa mtaa.

Nimeharakishwa kuandika na kisa kimoja. Juma lililopita alinijia mama mmoja anayeanika ndagala karibu na Kabonga, kuniuliza njia ya nyumba ile ya michikichini, kwa sababu mji bado unakumbuka vigelegele vyetu na hadi leo mimi nahesabiwa kuwa mjomba wa aliyepona. Ana binti wa miaka 17. Nilimsimulia habari ya gunia la mchele tangu mwanzo hadi mwisho, akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema kwamba labda mtaalamu wangu hakuwa hodari, na kwamba atamtafuta mwingine miongoni mwenu. Fedha hana kwa sasa, kwa kuwa mwezi ni mpevu na mitumbwi ya taa haitoki. Giza likirudi wavuvi watashuka ziwani, ndagala watapatikana, naye atakuja kwenu na binti yake.